Hofu ya Mgonjwa wa Lupasi Haiponi kwa Kuambiwa "Usiogope"

Mwezi Machi 2020, maambukizi ya virusi vipya vya korona yalipothibitishwa Kenya tarehe 13 na Tanzania tarehe 16, ujumbe mmoja ulienea haraka: ongeza kinga ya mwili. Ulisikika redioni na katika nyumba za ibada, ulijadiliwa kwenye daladala, ukasambazwa kwa simu kutoka ndugu hadi ndugu. Tangawizi, malimau na vitunguu saumu vilitafutwa sokoni, na sufuria za kujifukizia zikainjikwa jikoni. Kwa watu wengi ujumbe huo ulikuwa faraja, kwa kuwa ulimpa kila mtu jambo la kufanya nyumbani mwake.

Lakini lilikuwepo kundi lililousikia ujumbe huo kwa namna nyingine. Ni wagonjwa wa lupasi, wa baridi yabisi na wa magonjwa mengine ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kila asubuhi, baada ya kula, wengi wao walimeza vidonge ambavyo kazi yake ni kuituliza kinga hiyohiyo ambayo jamii nzima ilikuwa ikihimizwa kuiongeza. Aliyetii ushauri wa redioni alijiona anauasi ushauri wa daktari. Aliyetii ushauri wa daktari alijiona anaufungulia ugonjwa mpya mlango. Wachache walimpata mtu wa kuwaeleza lipi ni sahihi.

Hapo, kati ya maagizo mawili yanayopingana, ndipo utulivu wa akili wa wagonjwa wengi ulipoanza kuyumba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi uliopitiliza na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Ongezeko hilo limezungumzwa zaidi kama jambo la jamii nzima. Kwa mgonjwa wa lupasi lilikuwa na sura ya pekee, na sura hiyo ina funzo kwa kila kliniki. Sehemu kubwa ya hofu yake haikuwa udhaifu wa moyo. Ilikuwa ni maswali halali yaliyokosa wa kuyajibu. Kwa hiyo tiba ya kwanza ya hofu hiyo ni majibu. Tiba ya pili ni kumwuliza mgonjwa hali ya moyo wake kwa utaratibu uleule anaoulizwa hali ya viungo na figo zake.

Kikulacho ki nguoni mwako

Katika mwili wenye afya, kinga hutofautisha kilicho chake na kilicho kigeni. Katika lupasi, utambuzi huo huharibika, na kinga hushambulia ngozi, viungo, figo, utando wa mapafu na wa moyo, chembe za damu na hata ubongo. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi wao huanza kuugua katika miaka ya kuzaa, yaani wakati wa masomo, ndoa, malezi na kazi. Ugonjwa hauna mwendo ulionyooka. Hulala kwa miezi, kisha ukaamka kwa wiki kadhaa, na mgonjwa hajui ni asubuhi gani ataamka vidole vimevimba au miguu imejaa maji.

Mateso yake mengi hayaonekani. Uchovu wa lupasi haufanani na uchovu wa mtu aliyelima kutwa, kwa sababu usingizi wa usiku mzima hauuondoi. Mgonjwa anayelalamika huambiwa, "Mbona unaonekana mzima?" Wengi huzunguka vituoni kwa muda mrefu wakitibiwa malaria, taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo kabla ya ugonjwa wao kutambuliwa. Hivyo janga lilipoingia, liliwakuta watu ambao tayari walikuwa na uzoefu mchungu wa kutoaminiwa, na ambao tayari waliishi na mwili usiotabirika.

Kisha zikaongezeka sababu mpya za hofu. Homa, maumivu ya mwili, maumivu ya kifua na kubanwa pumzi ni dalili za UVIKO-19, nazo zaweza kuwa dalili za lupasi iliyoamka. Mgonjwa aliyepata homa usiku alikuwa na maswali mawili mahali pa moja, na kila jibu lilikuwa na njia yake. Alipofika kwenye lango la hospitali akapimwa joto, aliogopa kwamba angetengwa pamoja na wenye UVIKO-19 hali tatizo lake ni lupasi, au angerudishwa nyumbani hali ameambukizwa. Wengine waliamua kutokwenda kabisa.

Hata ushauri uliosemwa kwa nia njema ulimdhuru. Ilienezwa kwamba kukaa juani huua virusi. WHO ilikanusha dai hilo, lakini kwa mtu wa kawaida hasara ya kuliamini ilikuwa ndogo. Kwa mwenye lupasi, jua ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha ugonjwa, na kukaa juani makusudi ni kujitafutia madhara. Tangawizi ndani ya chai haina ubaya. Kuacha vidonge ili kinga ipande ni jambo jingine kabisa.

Maarifa yaliyohitajika hayakuchelewa sana kupatikana. Machi 2020 madaktari na watafiti wa magonjwa ya viungo kutoka nchi mbalimbali waliunda mtandao wa kukusanya taarifa za wagonjwa wao walioambukizwa. Taarifa yao ya mwaka huohuo, iliyohusu wagonjwa 600 kutoka nchi 40, ilionyesha kwamba waliokuwa wakitumia prednisoloni au steroidi ya jamii yake kwa kiasi cha miligramu 10 au zaidi kwa siku ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba ugonjwa usiodhibitiwa nao uliongeza hatari ya kifo. Maana yake kwa mgonjwa ni nyepesi kueleweka: kuacha dawa kwa hofu huamsha ugonjwa, na ugonjwa ukiamka dozi ya steroidi hupandishwa, na yote mawili huongeza hatari ileile aliyotaka kuikimbia. Maelezo hayo huchukua dakika 2. Aliyeyapata alilala. Aliyeyakosa alikesha.

Dawa ya wachache ilipokuwa habari ya dunia

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi taarifa mbovu inavyougeuza moyo wa mgonjwa kuwa uwanja wa hofu ni kisa cha haidroksiklorokwini. Dawa hii ni nguzo ya matibabu ya lupasi. Hupunguza kuamka kwa ugonjwa, hulinda figo, na karibu kila mgonjwa wa lupasi hushauriwa kuitumia kwa miaka mingi, isipokuwa kama kuna sababu ya kumzuia. Ina undugu na klorokwini, dawa chungu ya malaria ambayo watu wazima wa Tanzania wanaikumbuka kwa mwasho wake, na ambayo iliacha kuwa tiba ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001.

Machi 2020 utafiti mdogo uliofanyika Marseille, Ufaransa, ulidai kwamba haidroksiklorokwini huondoa virusi vya korona. Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, aliisifu hadharani. Tarehe 25 Machi India, ambayo ni mtengenezaji mkubwa wa dawa hiyo, ilizuia kuiuza nje. Tarehe 28 Machi mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu itumike kwa dharura kwa baadhi ya waliolazwa kwa UVIKO-19. Katika nchi nyingi watu wasio na lupasi waliinunua na kuiweka akiba, na wagonjwa waliokuwa wakiitumia kwa miaka walifika kwenye maduka ya dawa wakaambiwa imekwisha.

Yaliyofuata yalikuwa mkanganyiko wa wiki kwa wiki. Tarehe 25 Mei WHO ilisimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo, kwa sababu ya taarifa iliyochapishwa katika jarida la Lancet ikidai kwamba dawa inaongeza vifo. Tarehe 3 Juni majaribio yaliruhusiwa kuendelea. Tarehe 4 Juni taarifa hiyo ya Lancet iliondolewa, kwa kuwa data zake hazikuweza kuthibitishwa. Tarehe 5 Juni watafiti wa Uingereza, waliolinganisha wagonjwa zaidi ya 4,600 waliolazwa, walitangaza kwamba dawa haikupunguza vifo vya UVIKO-19. Tarehe 15 Juni Marekani iliondoa ruhusa yake, na siku mbili baadaye WHO ikafunga sehemu hiyo ya majaribio yake.

Msomaji wa kawaida aliyafuatilia hayo kama habari za mbali. Mgonjwa wa lupasi aliyasoma akiwa ameshika kichupa cha vidonge hivyohivyo mkononi. Mwezi mmoja aliambiwa kwamba dawa yake ni muujiza, na majirani wakamwomba vidonge. Mwezi uliofuata akasikia kwamba dawa yake inaua, na ndugu wakamsihi aache. Ni mtu gani asingepoteza usingizi?

Hapa ndipo nguvu ya jibu inapoonekana. Mfamasia au muuguzi aliyeielewa dawa hii angeweza kumwambia mgonjwa mambo matatu ya kweli. La kwanza, majaribio yale yalihusu watu waliolazwa kwa UVIKO-19, mara nyingi kwa dozi kubwa, wala hayakubadilisha chochote kuhusu usalama wa dozi yake ya lupasi inayosimamiwa na daktari na kufuatiwa na vipimo vya macho. La pili, dawa hii hukaa mwilini kwa wiki nyingi, hivyo aliyeikosa kwa siku chache ana muda wa kuitafuta kabla mambo hayajaharibika. La tatu, prednisoloni haiko hivyo. Aliyeitumia kwa muda mrefu hapaswi kuikatisha ghafla hata kidogo, kwa kuwa tezi zake zimezoea kupumzika, na mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa namna inayohatarisha maisha. Mgonjwa anayezijua tofauti hizo hana hofu ya jumla jumla. Anajua dawa ipi inaweza kusubiri na ipi haisubiri.

Chanzo cha huzuni si kimoja

Mgonjwa anapoonekana mnyonge, wepesi wa kusema "ni mawazo tu" humfunga mhudumu macho. Katika lupasi vyanzo vya mabadiliko ya akili ni vitatu, na kila kimoja kina tiba yake.

Chanzo cha kwanza ni ugonjwa wenyewe. Lupasi inaweza kushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, ikaleta degedege, kuchanganyikiwa, kuona au kusikia yasiyokuwepo, kusahau, na mabadiliko ya hisia. Mwenye dalili hizo asipelekwe kwenye maombezi wala kwa mganga kabla hajafika hospitali, kwani anahitaji daktari wa haraka. Chanzo cha pili ni dawa. Steroidi huondoa usingizi, huleta hasira za ghafla, furaha isiyo na sababu au huzuni nzito, hasa dozi ikiwa kubwa. Uchunguzi uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba matatizo ya akili yaliwapata wagonjwa 1.3 katika kila 100 waliopewa prednisoni miligramu 40 au pungufu kwa siku, na zaidi ya 18 katika kila 100 waliopewa zaidi ya miligramu 80. Mama aliyeongezewa dozi wiki iliyopita na sasa anawafokea watoto wake usiku kucha hajabadilika tabia. Anastahili kuelezwa hivyo, na mume wake aelezwe pia.

Chanzo cha tatu ni maisha. Janga lilimpokonya mgonjwa vitu ambavyo humshikilia mtu: kazi, ibada ya pamoja, misiba na harusi, na ziara za ndugu. Uingereza iliwaandikia barua watu zaidi ya milioni moja waliokuwa na hatari kubwa, wakiwemo baadhi ya wanaotumia dawa za kupunguza kinga, ikiwataka wabaki ndani kwa wiki 12. Barua hiyo ilijibu swali moja, yaani "nifanye nini?", na ikaacha upweke mkubwa nyuma yake. Katika Afrika Mashariki wengi hawakuwa na barua wala chumba cha kujitenga. Mwenye lupasi anayeishi chumba kimoja na watoto 4, ambaye chakula cha jioni kinatokana na biashara ya mchana, hakuweza kujitenga hata angetaka. Nchini Tanzania, takwimu za maambukizi zilikoma kutangazwa mwishoni mwa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka uliofuata, na mtu mwenye kinga iliyopunguzwa alilazimika kuamua kwa kukisia kama ni salama kwenda sokoni. Aliyevaa barakoa baada ya wenzake kuivua alichekwa.

Kuuliza kunaanza na maswali mawili

Kliniki ya magonjwa ya viungo au ya figo humpima mgonjwa shinikizo la damu, uzito, mkojo na damu. Hali ya moyo wake mara nyingi haina nafasi kwenye kadi. Nafasi hiyo iwekwe. Haihitaji mashine wala bajeti mpya, kwa kuwa maswali mawili mafupi, yanayotumika duniani kote kuchuja sonona, yanatosha kwa kuanzia. Mhudumu anaweza kuyauliza hivi: "Mama, katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia huzuni, unyonge, au kukata tamaa?" Majibu huanzia "hapana kabisa", ambayo ni sifuri, hadi "karibu kila siku", ambayo ni 3. Jumla ikifika 3 au zaidi, mgonjwa aulizwe zaidi kwa dodoso refu la maswali 9, ambalo lilijaribiwa miongoni mwa wagonjwa huko magharibi mwa Kenya, likiwa na maswali kwa Kiswahili.

Kuna sababu ya kuyapenda maswali hayo mawili katika lupasi. Dodoso refu huuliza pia kuhusu uchovu, usingizi na hamu ya kula, mambo ambayo lupasi yenyewe huyaharibu, hivyo mgonjwa anaweza kupata alama nyingi bila kuwa na sonona. Raha na tumaini haviko kwenye viungo. Vikiondoka, mhudumu ajue kwamba kuna jambo la kufuatilia.

Mgonjwa akisema anatamani kufa, aulizwe wazi na kwa upole kama amefikiria kujidhuru na kama ana mpango. Swali hilo halimwingizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi humtua mzigo. Mwenye mpango asiachwe peke yake, wala asirudishwe nyumbani na tarehe ya mwezi ujao.

Yapo mapingamizi, na yanastahili jibu. Pingamizi la kwanza ni kwamba wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini mgonjwa mwenye sonona hukosa kliniki, huacha dawa, na hurudi akiwa mahututi. Muda uliookolewa kwa kutouliza hulipwa baadaye wodini. Pingamizi la pili ni kwamba janga lilimuumiza kila mtu, kwa hiyo si haki kuwatenga wagonjwa hawa. Hakuna anayetaka watengwe. Hoja ni kwamba mtu anayemeza dawa zinazobadilisha hisia, na mwenye ugonjwa unaoweza kufika kwenye ubongo, anahitaji kuulizwa kwa utaratibu, kama mwenye kisukari anavyoangaliwa miguu hata kama wengine nao huumia miguu.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kuna faida gani kuuliza pale ambapo hakuna mtaalamu wa kumpeleka mgonjwa? Jibu linatoka jirani. Jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza, na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za jiji hilo, likihusisha watu 573, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016 na kuonyesha kwamba waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Akina bibi wale hawakuwa madaktari. Walikuwa na mafunzo, usimamizi na subira. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Tanzania na Kenya wanaweza kufundishwa vivyo hivyo.

Pale dawa ya sonona inapohitajika, anayeiandika aone kwanza orodha nzima ya dawa za mgonjwa. Haidroksiklorokwini ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na daktari wa lupasi na wa akili wakiandikiana mistari miwili tu hatari hiyo hupungua.

Kwa mgonjwa na watu wa nyumbani mwake

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, nao msemo huo unaihusu huzuni kama unavyoihusu homa. Anayeingia chumba cha daktari akiwa amepoteza usingizi kwa mwezi mzima, kisha akajibu "sijambo" na kuondoka, amempa daktari nusu ya ugonjwa atibu. Kukosa usingizi, kulia bila sababu na kukata tamaa yatajwe kama yanavyotajwa maumivu ya goti. Ikiwa mdomo ni mzito, yaandikwe kwenye karatasi.

Watu wa nyumbani nao wasimpime mgonjwa kwa macho. Mke, binti au mkwe mwenye lupasi anayelala saa nane mchana huenda amemaliza nguvu zote alizoamka nazo. Kumwambia ajikaze humwongezea aibu juu ya uchovu. Kumshikia mtoto, kumwanikia nguo kwenye jua ambalo yeye hapaswi kukaa, kumsindikiza kliniki na kujua majina ya dawa zake ni msaada unaoonekana. Viongozi wa dini pia wanasikilizwa kuliko madaktari katika nyumba nyingi. Wakisema kwamba sala na vidonge havigombani, maisha ya watu yataokolewa.

Kabla ya mlipuko mwingine

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19 nchini Tanzania kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Hata siku hiyo, iliyokuwa ya matumaini, mgonjwa wa lupasi alikuwa na swali lake: je, chanjo itauamsha ugonjwa wangu? Jibu lilikuwepo. Chanjo iliyoletwa kwanza ilitumia kirusi kisichoweza kuzaliana, hivyo haikuwa ya aina ya chanjo hai ambazo wenye kinga iliyopunguzwa huzikwepa, na vyama vya madaktari bingwa wa viungo viliwashauri wagonjwa wao wachanjwe. Kwa mara nyingine, kilichopungua si elimu. Ni mtu wa kuifikisha kwa anayeihitaji, kwa lugha yake, kwa wakati.

WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023. Kabla ya siku hiyo kufika, ugonjwa wa Marburg ulikuwa umeshatangazwa mkoani Kagera, Machi 2023, nao ukarudi mkoani humo Januari 2025. Milipuko haijaisha, na kila mmoja utakuwa na uvumi wake, dawa yake ya miujiza na watu wake wa kuogopa. Kliniki haiwezi kuzuia hayo. Inaweza kuamua kwamba mlipuko ujao hautamkuta mgonjwa mikono mitupu.

Karatasi moja inatosha kuwa mwanzo. Iwe na majina ya dawa za mgonjwa na dozi zake. Iseme ipi isikatishwe ghafla. Ieleze afanye nini akipata homa na langoni aseme nini. Iwe na namba ya simu ya mtu anayepokea. Na chini yake pawe na nafasi ya majibu ya yale maswali mawili, ijazwe kila anapokuja. Dawa za miezi miwili au mitatu zitolewe kwa pamoja pale zinapokuwepo, ili kufungwa kwa barabara au mipaka kusimaanishe kuamka kwa ugonjwa. Karatasi hiyo haiandaliwi siku ya kengele ya hatari. Huandaliwa siku tulivu ya kliniki, mgonjwa akiwa ameketi, daktari akiwa na kalamu mkononi, na muuguzi akiwa na muda wa kumwuliza, "Na wewe mwenyewe, mama, moyo wako unaendeleaje?" kisha akasubiri jibu.